Bendera, Hati na Chombo: Historia ya Uandikishaji wa Majahazi kwa Jirani Zetu

Tarehe 3 Desemba mwaka 1881, karibu na pwani ya Pemba, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aitwaye Kapteni Charles Brownrigg aliuawa alipokuwa akilikaribia jahazi ili ahakikishe uhalali wa hati zake. Jahazi lile lilikuwa likipeperusha bendera ya Ufaransa. Maofisa wa Kiingereza hawakuruhusiwa kulipekua jahazi lenye bendera hiyo. Waliruhusiwa tu kuuliza kama nahodha anayo haki ya kuitweka. Kwa hiyo Brownrigg alisogea katika mashua ya moshi akiwa na watu wachache, wala hakujiweka tayari kwa mapigano, kwani aliyadhani mambo yatakwisha kwa kuonyeshana karatasi. Chini ya sitaha walikuwamo watumwa wapatao mia moja. Mabaharia wa jahazi walifyatua bunduki na kuirukia mashua, naye akapigana mpaka akafa pamoja na baadhi ya watu wake. Nahodha, Hindi bin Hattam, alisakwa baadaye huko Pemba na askari wa Sultani Barghash waliokuwa chini ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa akilifunza jeshi hilo tangu mwaka 1877.

Tunalitaja tukio hili si kwa kumlilia ofisa wa dola iliyokuja kututawala. Tunalitaja kwa sababu ndani yake limo swali ambalo kila askari wa doria majini hukutana nalo hadi leo, awe Mombasa, Moroni, Entebbe au Mwanza. Chombo kimeundwa ufukoni na fundi asiyekuwa na mchoro wala kiwanda. Mwenyewe kakibandika jina alilolipenda. Bendera yaweza kushonwa na fundi cherehani yeyote. Je, askari atakijuaje? Na akikosea, nani hulipa?

Kabla ya hapo Waingereza walikuwa wamejibu swali hilo kwa moto. Manowari zao zilizokuwa zikizunguka kati ya Kilwa, Unguja na Bara Arabu katika miaka ya 1860 zilikamata majahazi na kuyateketeza papo hapo baharini. Serikali yao ilikuwa ikitoa zawadi ya fedha kwa kila mtumwa aliyeokolewa, na pia kwa ukubwa wa chombo kilichoharibiwa, ukihesabiwa kwa tani. Sasa msikilizaji na atafakari: aliyepima tani ni yule yule aliyekamata, naye ndiye atakayepokea zawadi, na chombo chenyewe kimekwisha kuwa majivu kabla hakimu hajakiona. Jahazi la mfanyabiashara wa tende au chumvi, lililokuwa na mpishi mmoja mtumwa, liliweza kuhesabiwa pamoja na majahazi ya wauza watu. Biashara ya watumwa ilikuwa ni unyama usio na utetezi. Lakini utaratibu ule wa kuikomesha ulimfanya askari awe mpelelezi, mpimaji, hakimu na mpokea fedha kwa wakati mmoja.

Mkataba wa tarehe 5 Juni mwaka 1873, ambao Sultani Barghash alilazimishwa kuutia sahihi, ulipiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, na tangu mwaka 1874 meli kongwe ya Kiingereza, HMS London, ikatia nanga bandarini Unguja iwe kituo cha mashua za doria. Brownrigg alikuwa nahodha wa meli hiyo. Kadiri doria ilivyokaza, ndivyo manahodha walivyotafuta kinga, na kinga iliyokuwa bora kuliko zote ilikuwa ile bendera ya rangi tatu. Ufaransa ilikuwa imekataa kwa miaka mingi meli zake zipekuliwe na Waingereza. Nayo ilikuwa na visiwa jirani: Mayotte iliichukua mwaka 1841, Nosy Be iliyo ubavuni mwa Madagaska ikachukuliwa katika miaka hiyo hiyo, na Reunion ilikuwa yake tangu zamani. Manahodha wa Sur, mji wa mabaharia katika Oman, waliozoea kuja na upepo wa kaskazi na kurejea na wa kusi, walijifunza upesi. Mtu alinunua kiwanja kidogo Mayotte au Nosy Be, akajiandikisha huko, akapewa hati. Jahazi lilikuwa la Sur, limeundwa kwa mbao kutoka Malabar, mabaharia wake ni Waarabu na Waswahili, na katika karatasi lilikuwa la Kifaransa.

Hapa inafaa tumtazame fundi mwenyewe, maana sheria zote tutakazozieleza zilimhusu yeye bila yeye kuulizwa. Katika mwambao wetu, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Ngazija, fundi wa jahazi hulaza mkuku juu ya magogo, akasimamisha fashini ya omo na ya tezi, kisha akaanza kupandisha mbao za ubavuni. Mataruma huyatia baadaye, kila moja likichongwa kwa tezo mpaka liufuate mkunjo wa mbao zilizokwisha kushika umbo. Kwa hiyo umbo la chombo halimo katika karatasi. Limo katika jicho la fundi na kamba yake ya kupimia. Majahazi mawili ya fundi mmoja, yaliyoshushwa majini mwaka mmoja, hayalingani kwa upana wala kwa kina. Tundu za misumari hutobolewa kwa keekee, viungo hukalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, na chini hupakwa shahamu. Ukimwuliza fundi wa Matondoni jahazi hili lina tani ngapi, alikuwa akikujibu kwa magunia ya mchele au kwa boriti za mikoko. Jibu hilo lina maana kamili kwa mwenye mali. Kwa karani wa forodha aliyetoka Ulaya halikuwa jibu.

Tarehe 2 Julai mwaka 1890, siku moja tu baada ya Uingereza na Ujerumani kukubaliana jinsi ya kugawana nchi zetu, mataifa 17 yalitia sahihi huko Brussels mkataba mkuu wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani ya mkataba huo mna sura nzima juu ya vyombo vya baharini, na kwa kadiri tujuavyo hakuna sheria nyingine ya zama zile iliyoingia kwa undani kiasi hicho katika maisha ya mabaharia wa Bahari ya Hindi. Mipaka yake ilianzia Baluchistan, ikazihusu Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu, ikashuka hadi Quilimane na kuizunguka Madagaska. Haki ya kusimamisha na kupekua katika eneo hilo ilihusu vyombo visivyofikia tani 500.

Mkataba uliainisha chombo cha wenyeji kwa namna ambayo lazima isemwe wazi. Chombo ni cha wenyeji kama umbo lake la nje au matanga yake ni ya kienyeji, au kama nahodha na wengi wa mabaharia wake ni watu wa nchi zinazopakana na bahari hizi. Mzungu aliyejiundia mashua ya kutembelea, yenye ukubwa ule ule, hakuguswa na masharti hayo. Tusisahau kuwa walioweka kipimo hicho ndio wale ambao meli za mataifa yao zilikuwa zimebeba mamilioni ya Waafrika kuvuka Atlantiki.

Hata hivyo, masharti yenyewe yalikuwa ya kazi, na askari wa leo atayatambua. Ruhusa ya kutweka bendera ya taifa fulani ingetolewa kwa mwenye chombo aliye raia wa taifa hilo au aliye chini ya himaya yake. Awe na nyumba au shamba katika wilaya anayoombea, au mdhamini mwenye uwezo wa kulipa faini. Yeye na nahodha wake wawe watu wa sifa njema, wasiopata kuhukumiwa kwa biashara ya watumwa. Ruhusa iliisha kila mwaka, na iliweza kufutwa wakati wowote. Jina la chombo na tani zake viandikwe kwa herufi za Kilatini kwenye tezi. Herufi ya bandari na nambari ya daftari zipigwe kwa rangi nyeusi juu ya tanga. Nahodha awe na orodha ya mabaharia, na kila baharia Mwafrika aulizwe kwanza na mkuu wa bandari kama ameajiriwa kwa hiari yake. Vyombo vidogo visivyofunikwa sitaha nzima, vyenye watu wasiozidi kumi, vinavyovua karibu au kupita kati ya bandari za nchi moja bila kwenda zaidi ya maili 5 kutoka pwani, vilipewa leseni nyepesi ya mwaka. Ofisi ya kimataifa ya kukusanya habari hizo zote ikawekwa Unguja.

Kwa mara ya kwanza, basi, askari katika mashua ya doria aliweza kusoma habari za chombo kabla hajakigusa: nambari juu ya tanga kwa mbali, jina kwenye tezi akikaribia, hati mkononi mwa nahodha. Lau kama utaratibu huo ungalikuwako mwaka 1881, Brownrigg pengine asingalisogea ubavuni mwa jahazi ili tu aulize.

Lakini waliotunga masharti hayo walikuwa mbali na pwani. Wakati ule mtepe ulikuwa bado ukisafiri kutoka visiwa vya Lamu, chombo kilichoshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la jamvi. Tungependa kumwona karani aliyepewa kopo la rangi nyeusi na kuamriwa aandike nambari juu ya jamvi lililosukwa! Hata kwenye jahazi la mbao, rangi haikai. Mabaharia hupaka sifa, mafuta ya papa, mara kwa mara ili mbao zisipasuke, na baada ya misimu miwili jina la kwenye tezi linakuwa doa tu. Waingereza wenyewe walijua dawa yake, kwani katika meli zao sheria iliwataka wachonge nambari na tani katika boriti kuu ya meli, ambapo hazifutiki ila kwa kuharibu boriti. Majahazi yetu waliyapatia rangi.

Matokeo yake yalikuwa biashara ya hati. Jahazi likizeeka au kuvunjika mwambani, hati yake haikuzama pamoja nalo. Mwenyewe aliunda jingine Sur, akalipa jina lile lile, akaendelea kuonyesha karatasi ya marehemu. Nyingine zilirithiwa na watoto au kuazimwa kwa jamaa. Mgogoro ukawa wa mataifa, kwani Sultani Faisal bin Turki wa Muscat aliwaona raia wake mwenyewe wakikataa amri zake kwa kuwa wanapepea bendera ya kigeni, na Uingereza ikawa nyuma yake kwa sababu zake yenyewe. Mnamo mwezi Oktoba mwaka 1904 Uingereza na Ufaransa zikakubali kulipeleka shauri mbele ya waamuzi huko The Hague. Waamuzi walikuwa watatu: Lammasch wa Austria, Fuller aliyekuwa Jaji Mkuu wa Marekani, na Savornin Lohman wa Uholanzi.

Hukumu yao ya tarehe 8 Agosti mwaka 1905 yastahili kusomwa na kila ofisa wa polisi wa bandari. Walisema kwamba kabla ya tarehe 2 Januari mwaka 1892, siku ambayo Ufaransa iliuthibitisha mkataba wa Brussels, Ufaransa ilikuwa huru kuwapa watu wa Muscat bendera yake kwa kufuata sheria zake yenyewe. Baada ya siku hiyo isingeweza kumpa mtu yeyote, isipokuwa yule atakayethibitisha kuwa alihesabiwa chini ya himaya ya Ufaransa tangu kabla ya mwaka 1863. Hati iliyotolewa kihalali haihamishwi kwa mtu mwingine, wala kwa jahazi jingine, hata kama majahazi yote mawili ni ya mtu mmoja. Tena, mwenye jahazi, nahodha, mabaharia na jamaa zao hawatoki katika mamlaka na mahakama za Sultani kwa sababu tu ya bendera iliyo juu ya mlingoti. Chombo chenyewe kililindwa kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 1844 kati ya Ufaransa na Muscat, ila mtu akishuka pwani anabaki raia wa nchi yake.

Mambo mawili, hati na chombo, yalitenganishwa hapo na kisha kufungwa pamoja: karatasi moja kwa chombo kimoja. Watu wa Sur waliokuwa na hati halali waliendelea nazo mpaka wakafa mmoja mmoja, na hivyo bendera ya Ufaransa ikatoweka katika majahazi ya Oman bila risasi kupigwa.

Visiwa vile vya Komoro viliendelea na historia nyingine. Ngazija, Nzwani na Mwali zilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai mwaka 1975, Mayotte ikabakizwa na Ufaransa, na mwaka 1995 ikawekwa viza kwa Wakomoro wanaotaka kwenda huko kwa jamaa zao. Tangu hapo mashua nyembamba zenye mashine, ambazo wenyeji huziita kwassa-kwassa, huvuka usiku kutoka Nzwani zikiwa na abiria kuliko uwezo wake, na nyingi zimezama. Ni mashua za wavuvi kwa asili yake. Dola iliyokuwa ikigawa bendera yake kwa majahazi ya wageni katika kisiwa kile kile, leo yaweka doria na kuziharibu mashua inazozikamata.

Tukigeukia bara, Ziwa Viktoria nalo lina mafundi wake. Waganda wa visiwa vya Sese walikuwa wakiunda mitumbwi mikubwa ya mbao za kushonwa karne nyingi kabla ya meli ya kwanza ya moshi, na hata sasa mitumbwi mingi ya ziwani huundwa mwaloni, chini ya mti, na fundi aliyefundishwa na mjomba wake. Serikali ya Uganda, baada ya kuona samaki wachanga wanamalizwa na viwanda vya minofu vinafungwa, haikuiachia kazi idara ya uvuvi peke yake: mwaka 2017 kikosi maalumu cha jeshi la UPDF kikapewa kazi ya kulinda uvuvi. Kipimo kikuu kilikuwa urefu. Mtumbwi usiofikia futi 28 haukuruhusiwa kuvua katika Ziwa Viktoria, kwa hoja kwamba mitumbwi mifupi huvua karibu na pwani, kwenye mazalio ya samaki, tena hupinduka upesi kukiwa na dhoruba.

Kipimo cha urefu kina faida moja kubwa kwa askari: hakidanganyi. Kamba ya kupimia haihitaji karani wala daftari. Lakini fundi aliyekwisha kuunda mtumbwi wa futi 22 hawezi kuunyoosha, na mvuvi aliyeununua kwa mkopo hana fedha za mwingine. Mitumbwi na nyavu zilichomwa moto ufukoni mbele ya wenyewe. Malalamiko ya wavuvi juu ya kupigwa na kupoteza mali yalifika Bungeni Kampala, huku serikali ikieleza kwamba samaki wakubwa wameanza kurudi na mauzo ya nje yamepanda. Yawezekana yote mawili yalikuwa kweli. Sisi twaona jambo moja tu linalofanana mno na miaka ya 1860: aliyepima, aliyehukumu na aliyewasha kiberiti alikuwa mtu yule yule, na majivu hayawezi kupimwa mara ya pili.

Hapo ndipo msiba wa tarehe 24 Novemba mwaka 2018 ulipofunua upande wa pili. Miezi miwili tu baada ya msiba wetu wa MV Nyerere karibu na Ukara, boti ya starehe iitwayo MV Templar ilizama katika maji ya Uganda, upande wa Mukono, ikiwa na watu waliokwenda kustarehe mwishoni mwa juma. Waliokufa walizidi 30. Polisi na serikali walieleza kuwa boti ilijaa kupita kiasi, ilikuwa mbovu, haikuwa na leseni wala haikuandikishwa. Mwenye boti naye alikuwa miongoni mwa waliokufa. Katika mwaka ule ule ambao mitumbwi mifupi ya wavuvi ilikuwa ikipimwa mmoja mmoja kwa kamba, boti kubwa yenye muziki na taa ilikuwa imekaa majini bila nambari. Ilizidi futi 28; kwa kipimo cha urefu haikuwa na kosa.

Nchi za Ulaya, tuseme kwa kupita, zilipotunga sheria ya mashua za starehe mwaka 1994, zilimwachia nafasi mtu anayejiundia chombo kwa matumizi yake mwenyewe, mradi asikiuze kabla ya miaka mitano kupita. Swali lao halikuwa urefu wala sura, bali nani atapanda. Ajihatarishaye mwenyewe huachiwa nafasi; anayechukua nauli za watu hubanwa. Katika maziwa yetu tofauti hiyo ni ngumu kuishika, kwani mtumbwi ule ule huvua dagaa usiku, hubeba ndizi asubuhi na wanafunzi mchana.

Uganda ilichukua hatua nyingine mwaka 2021, ilipotunga Sheria ya Usafiri wa Majini Nchi Kavu, iliyoweka pamoja uandikishaji wa vyombo, leseni na usalama wa abiria, na kuziondoa sheria zilizorithiwa kutoka utawala wa Kiingereza. Kwa sheria hiyo kazi ya kukagua ubora wa chombo ni ya wakaguzi wa serikali, na askari wa doria hukutana na chombo kilichokwisha kukaguliwa au ambacho hakijakaguliwa. Mafundi wa mialo ya Uganda, kama wenzao wa Matondoni, bado wanaunda kwa jicho. Mkaguzi hupaswa kumfuata fundi ufukoni wakati mbao za ubavuni zikiwa bado wazi na mataruma yanaonekana, kwani chombo kikishapakwa lami na kushushwa majini, ubovu wa ndani hauonekani tena na mtu aliye nje katika mashua ya doria.